Maswali ya Wasomaji: Mwani Mdogo kwa Vifaranga wa Samaki wa Baharini

Katika toleo hili tunajibu maswali ya wafugaji wa ukanda wa pwani kuhusu ukuzaji wa mwani mdogo, ule usioonekana kwa macho bila hadubini, ambao ndio msingi wa chakula hai katika vituo vya kuzalisha vifaranga.

Swali: Kikundi chetu kina mabwawa ya mwatiko mkoani Mtwara, na hadi sasa tunategemea vifaranga wanaokusanywa baharini. Tunataka kuanzisha kituo chetu cha kuzalisha vifaranga, lakini tumeambiwa tukuze mwani kwanza. Kwa nini tusiwape chakula cha unga kama wanavyofanya wafugaji wa perege?

Jibu: Perege huanza maisha akiwa na akiba kubwa ya kiini cha yai, na anapoanza kula mdomo wake unatosha kumeza unga uliosagwa laini, kwa hiyo wafugaji wake hawana haja ya kuhangaika na chakula hai. Mwatiko ni tofauti kabisa. Yai lake lina kipenyo cha milimita 1.2 hivi, huanguliwa baada ya siku moja au zaidi kidogo, na kifaranga anayetoka bado hajafungua mdomo wala macho yake hayajakamilika. Ifikapo siku ya 3 akiba yake inakaribia kwisha, na asipokutana wakati huo na chakula kinachojongea mbele ya macho yake, tena kidogo kiasi cha kumezeka, atakufa kwa njaa hata kama tangi limejaa unga. Chakula hicho ni rotifa, mnyama mdogo wa majini mwenye urefu wa mikroni 100 hadi 300 (milimita 0.1 hadi 0.3), na rotifa naye anaishi kwa kula mwani.

Rotifa anaweza kukuzwa kwa hamira ya mikate, na wapo wanaofanya hivyo ili kupunguza gharama, lakini rotifa wa hamira ni tumbo tupu kwa samaki wa baharini. Samaki wengi wa baharini hawawezi kujitengenezea kiasi cha kutosha cha mafuta ya omega-3 yanayoitwa EPA na DHA, ambayo hujenga ubongo, macho na mishipa ya fahamu, kwa hiyo ni lazima wayapate katika chakula. Mwani wa jamii ya Nannochloropsis una EPA nyingi lakini DHA kidogo sana, wakati Isochrysis una DHA nyingi. Kwa sababu hiyo nawashauri mkuze aina zote mbili tangu mwanzo. Mwani huohuo ukimiminwa kiasi ndani ya tangi la vifaranga hupunguza ukali wa mwanga, hufyonza sehemu ya amonia, na huwashibisha rotifa wakati wanasubiri kuliwa.

Pangeni kazi kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka siku mnayotarajia mayai. Mbegu, yaani mwani safi wa kuanzishia, huanzia kwenye chupa ya mililita 250, ikahamia chupa ya lita 2 au 3, kisha chombo cha lita 20, halafu tangi, na kila hatua huchukua kama siku 4 hadi 7. Rotifa nao wanahitaji muda wao wa kuongezeka baada ya mwani kuwa tayari. Kikundi kinachoanzisha mwani siku mayai yalipotagwa kimeshachelewa kwa mwezi mzima.

Swali: Mimi nipo Kwale. Tangi langu la Nannochloropsis la lita 500 lilikuwa kijani kibichi jioni. Kesho yake mchana lilikuwa limepauka, lina povu, na siku iliyofuata maji yakawa ya kahawia yenye harufu. Hili limetokea mara kadhaa. Nakosea wapi?

Jibu: Swali hili ndilo ninaloliona kuwa zito kuliko yote, kwa sababu kwa maoni yangu vituo vingi vya baharini hushindwa kwenye chumba cha mwani kabla samaki wenyewe hawajapata nafasi ya kuwashinda.

Tangi likipauka kwa kasi namna hiyo, anza kumshuku mlaji. Chota maji kwenye glasi safi, iinue mbele ya taa, uangalie kwa utulivu. Ukiona vidoti vyeupe vinavyokwenda kwa kujisukuma na kugeuka, hao ni rotifa, nao wanaweza kumaliza tangi kwa siku moja au mbili. Ukiona maji matupu, weka tone chini ya hadubini, kwa sababu protozoa wenye vinyweleo, yaani viumbe wa chembe moja, hawaonekani kwa macho, na mara nyingi ndio wanaokimbia huku na huko katikati ya chembe za kijani. Usipomkuta mlaji yeyote, na chembe zimeshikamana kama vipande vya ukungu vinavyozama, basi mwani umezeeka: umemaliza virutubisho, ukaanza kufa, na bakteria wakachukua nafasi. Povu zito linaloshika ukingo wa tangi huenda pamoja na hali hiyo.

Kama ni rotifa, njia yao karibu kila mara ni mikono ya watu na vifaa. Ndoo iliyotumika upande wa rotifa ikaja kuchota mwani, mpira wa hewa uliohamishwa kutoka tangi moja hadi jingine, au matone yanayoruka kutoka tangi la jirani linalochemka kwa hewa, vyote vinatosha. Tenganisha vyumba viwili hivyo kwa ukuta, kila kimoja kiwe na ndoo zake, na mhudumu aanze kazi ya asubuhi kwenye mwani ndipo aende kwa rotifa, asirudi tena kinyume hadi atakapokuwa ameoga na kubadilisha nguo.

Maji ya bahari nayo yasafishwe kila mara, hata yakionekana maangavu. Yachuje, kisha weka dawa ya klorini: ukitumia ile yenye klorini asilimia 5, mililita 200 kwa lita 1,000 hutoa miligramu 10 kwa lita. Funika, acha usiku kucha, kisha uondoe klorini iliyobaki kwa sodiamu thiosulfeti na upime kwa kipimo cha klorini kabla ya kumwaga mbegu. Usiruke kupima, kwani klorini kidogo iliyosalia inaua mwani bila kuacha dalili nyingine utakayoweza kuifuata.

Lipo pia suala la joto. Aina nyingi hustawi kati ya nyuzi 18 na 24 za Selsiasi, na nyingi hufa zikivuka 35. Chumba cha bati chenye taa nyingi katika kaskazi kinaweza kufika huko adhuhuri. Ondoa balasti za taa zinazotoa joto, si taa zenyewe, uzifunge nje ya chumba, ruhusu hewa ipite, na tangi la nje lipate kivuli cha makuti au wavu.

Mwisho, usivune tangi hadi tone la mwisho kisha ukategemea tope lililobaki kuwa mbegu. Vuna mwani ukiwa bado unaongezeka kwa kasi, na mbegu ya tangi jipya itoke kwenye chupa zako safi. Chupa hizo ziwe na nakala zaidi ya moja, mahali tofauti, na zishikwe na mtu mmoja anayejua kazi. Tangi ulilonalo sasa limwage, lisugue, litie klorini, lianikwe juani likauke kabisa.

Swali: Je, naweza kutumia mbolea za shambani badala ya kemikali za maabara? (Msomaji wa Pangani)

Jibu: Kwenye matangi makubwa ya nje, ndiyo. Mchanganyiko mmoja unaotumika ni gramu 150 za salfeti ya amonia, gramu 25 za superfosfeti na gramu 7.5 za urea kwa kila lita 1,000. Fosfeti ghafi ya mawe, kama ile inayochimbwa Minjingu, haifai kwa kazi hii: inafanya vizuri kwenye udongo wenye tindikali, lakini maji ya bahari yana alkali na huiyeyusha polepole mno. Kumbuka pia kwamba mwani unapokua hupandisha pH (kipimo cha tindikali na alkali), na pH ikipanda amonia huwa sumu kwa rotifa na vifaranga, kwa hiyo usimimine maji yaliyowekwa mbolea leo moja kwa moja kwenye tangi lao.

Chupa za mbegu zisipewe mbolea ya shambani kamwe. Kwa hizo tumia mchanganyiko wa virutubisho wa mwanasayansi Guillard uitwao f/2, wenye miligramu 75 za naitreti ya sodiamu na miligramu 5 za fosfeti ya sodiamu kwa lita, pamoja na madini machache na vitamini B1, B12 na biotini. Ni kiasi kidogo, na gharama yake kwa chupa hizo haiumizi.

Swali: Sisi ni akina mama wa Unguja tunaotaka kuzalisha jongoo bahari. Nasi tunahitaji rotifa?

Jibu: Hamhitaji. Jongoo mchanga akiwa bado anaelea huchuja mwani mwenyewe, na mwani unaomfaa zaidi ni diatomu (mwani mdogo wenye ganda) wa jamii ya Chaetoceros, ukichanganywa na Isochrysis. Anzeni na chembe 20,000 kwa mililita na kuongeza taratibu hadi 40,000 kadiri wanavyokua. Zaidi ya hapo maji huchafuka. Diatomu hujenga ganda la silika, kwa hiyo mchanganyiko wa f/2 uongezwe miligramu 30 za silikati ya sodiamu kwa lita. Baada ya wiki mbili hivi watoto hutafuta mahali pa kutua, na hapo watahitaji sahani za plastiki ambazo mmeziloweka mapema zikashika utando wa diatomu.

Kuhusu mbegu, msichote maji ya bahari mkatarajia kupata aina mnayoitaka, kwa kuwa mtapata mchanganyiko wa kila kitu pamoja na walaji wake. Ulizeni kwanza Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo ipo hapo hapo Unguja. Mkiipata, isafirisheni ndani ya chupa isiyojazwa hadi juu, kivulini na mahali pa baridi kidogo, na siku hiyohiyo muigawe katika chupa tatu kabla ya kuanza kuikuza.