Developa ya Rangi Huliwa na Hewa

Chupa ya developa, dawa inayotokeza picha kwenye mkanda wa filamu, iliyobaki nusu ikikaa kabatini mwezi mzima, mara nyingi hukutwa imegeuka rangi ya kahawa. Hiyo si dawa iliyochoshwa na kazi. Imeliwa na oksijeni iliyojaa ile nusu nyingine ya chupa.

Katika dawa zote za C-41, yaani utaratibu wa kusafisha mikanda ya negativu za rangi, basi, ya kulindwa kwanza ni developa. Kiini chake ni kemikali iitwayo CD-4, na ikiwa bado kwenye chupa yake ya kiwandani hudumu muda mrefu, kwa sababu humo imewekwa katika hali ya asidi pamoja na salfaiti ya kuikinga. Ukiichanganya na sehemu ya alkali, pH hupanda hadi kama 10, na tangu hapo siku zake zinahesabika. Kusanya mikanda mitano au sita kwanza, ndipo uchanganye.

Dawa ya unga usiigawe nusu kwa nusu. Chembe zake hazikai sawasawa ndani ya pakiti, na nusu yako inaweza kupungukiwa na kitu muhimu. Ya maji hugawika vizuri kwa sirinji, mradi kila sehemu iwe na sirinji yake.

Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa hadi joto linaloelekezwa kwenye pakiti, kwani kuchemsha hufukuza oksijeni iliyoyeyuka ndani yake. Koroga taratibu. Ukiona povu, ujue unaingiza hewa ileile unayoikimbia.

Sasa chupa. Lita moja igawe katika chupa nne za mililita 250, au mbili za 500 kama ndicho kipimo cha tangi lako la kusafishia mikanda. Jaza mpaka dawa ikaribie kufurika, kisha kaza kifuniko. Chupa ya kioo ndiyo bora, na ikiwa ya kahawia ni vizuri zaidi. Ile plastiki laini nyeupe yenye ukungu hupitisha oksijeni polepole kwenye kuta zake hata kifuniko kikazwe vipi. Chupa za kujikunja kama kinanda cha mkono husifiwa sana, lakini mimi sizipendekezi: mikunjo yake haisafishiki, na kuta zake ni nyembamba. Dawa ikipungua, tumbukiza gololi safi za kioo hadi ipande tena shingoni. Wengine hupuliza gesi ya kujazia viberiti, ambayo ni nzito kuliko hewa na hulala juu ya dawa. Inafanya kazi, ila isiwe karibu na moto wala cheche.

Chupa zikijaa na kufungwa hivyo, tarajia wiki nne hadi sita. Nusu chupa usiitegemee kupita wiki mbili. Iweke gizani, kwenye joto la kawaida la chumba. Friji haifai: baridi kali huangusha chembechembe chini, na sumu haipaswi kukaa na chakula. Wala usiiache kutwa kwenye beseni la maji ya nyuzijoto 38. Pasha unapotaka kuitumia, kisha itoe.

Bliksi, dawa inayofuata developa na kuondoa fedha kwenye mkanda, ni mvumilivu zaidi, ila ina vituko vyake. Mabaki ya developa yana kaboneti, na yakikutana na asidi ya bliksi hutoa gesi. Ndiyo maana kifuniko cha tangi hufyatuka, na ndiyo maana chupa ya bliksi iliyotoka kutumika isikazwe papo hapo. Ikizeeka sana hutuamisha salfa, unga wa manjano iliyopauka. Hapo imwage kwa utaratibu wa taka za kemikali, maana ina fedha iliyotoka kwenye mikanda.

Matone machache ya bliksi yakiingia kwenye developa, yameiharibu. Kila dawa iwe na faneli yake na kifuniko cha rangi yake, na kwenye lebo andika tarehe ya kuchanganya na idadi ya mikanda iliyopita. Vaa glavu pia, CD-4 huwasha ngozi.

Kabla ya kuhatarisha picha, jaribu na ncha ya mkanda, ile inayobaki nje ya kopo na iliyokwisha kupigwa na mwanga. Itumbukize kwenye developa ya nyuzijoto 38 kwa dakika 3 na sekunde 15. Inapaswa kuwa nyeusi tii. Ikibaki kijivu au kahawia hafifu, usiitumie developa hiyo, kwa sababu negativu ikitoka nyembamba na rangi zimepotoka, hakuna cha kuirudisha. Kipande kingine kitie moja kwa moja kwenye bliksi: baada ya dakika chache kiwe cha rangi ya chungwa kinachopitisha mwanga. Kisipong'aa, tengeneza bliksi mpya, na negativu zilizotoka na ukungu wa kijivu kwa bliksi ile dhaifu unaweza kuzirudisha humo, hata kama zilishakauka na kukatwa.