USIIFUE hiyo beji ya babu!

Weka ndoo chini kwanza. Umeandika kwamba umekuta beji ya begani yenye kichwa cha kifaru kwenye shati la kaki la babu yako hapo Makorora, Tanga, unauliza ni ya jeshi gani, ya mwaka gani, bei yake ikoje na nani ananunua. Halafu mwishoni unatuambia jioni utaifumua uiloweke kwenye sabuni ya unga ili itoke vizuri kwenye picha. USIIFUMUE. USIIFUE.

Mimi nilifanya hivyohivyo. Babu mzaa mama alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akapelekwa Burma kwenye Vita vya Pili vya Dunia, akarudi na hakupenda kusimulia. Shati lake lilikaa kwenye kasha Chumbageni tangu sijazaliwa. Nikalipeleka kwa jamaa mmoja hapa mjini anayeuza vitu vya kale, mdomo umejaa asali. Akasema beji ni ya vita vya hapa Tanga vya 1914, vile ambavyo nyuki waliwavamia askari, na kwamba niitoe niifue ing'ae kwa sababu mzungu hanunui uchafu. Nikafumua kwa wembe. Nikaloweka usiku kucha, sabuni ya unga na jiki juu yake, nikaanika juani, nikapiga pasi. Shati lenyewe likageuka matambara ya kufutia baiskeli.

Baadaye akaja mzee mkusanyaji. Swali lake la kwanza: shati liko wapi? Akatoa kitochi kile cha kukagulia noti bandia, akamulika, beji ikawaka kama taa. Nyuzi nyingi za kisasa zinawaka hivyo, pamba ya zamani haiwaki, ila sabuni zetu za leo zina kemikali ya kung'arisha inayoganda kwenye kitambaa. Kwa hiyo beji ya kweli ikaonekana ya kughushi, na sina cha kumwonyesha. Matundu ya sindano yaliyolingana na bega, kivuli cha kaki ambayo haikupauka chini ya beji, vyote niliviua mwenyewe. Na ndani ya kola kulikuwa na namba ya askari kwa wino. Niliiona kwa macho yangu! Sikuiandika. Kwa namba ile tungeweza kutafuta habari za babu, alikuwa kikosi gani, aliumia wapi. Mpaka leo mama ananiuliza.

Na yule muuzaji, Mungu anamwona. 1914 gani? Kichwa cha kifaru ni alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1943, ikavuka mto Chindwin huko Burma Desemba 1944. Waliopigwa hapa Tanga Novemba 1914 na von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, wengi wao walikuwa askari wa Kihindi walioletwa na Waingereza kwa meli. Mtu unauza historia ya mji wako na hujui hilo, kisha unamshika mjukuu wa askari mkono kumwelekeza kwenye jiki!

Umri wa beji unasomwa ikiwa palepale ilipo. Geuza shati utazame mishono kwa nyuma. Ukikuta uzi uliokwisha kukatika wenyewe, huo tu, uchome: pamba inaacha jivu laini, poliesta inayeyuka na kuwa kidonge kigumu, na nyuzi za poliesta zimeenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kama kwenye kasha kuna beji nyingine yenye taji, tazama matao yake: ya mviringo ni ya wafalme wa Uingereza, kabla ya 1952, yaliyobonyea katikati ni ya Malkia Elizabeth.

Usilifunge shati kwenye mfuko wa nailoni, kwa joto letu la pwani litatoa jasho na kuota ukungu. Lizungushie shuka safi la pamba. Ila kabla ya yote hayo fungua kola, na ukikuta namba inakili sasa hivi, kabla hata hujanijibu.