Kabla hamjasaini hizo ekari 15 za Nangurukuru

Mkuu mleta uzi, usisaini. Nimesoma maelezo yako nikiwa na hasira, si kwako, ila kwa sababu naona mnapelekwa palepale tulipopelekwa sisi. Umesema mzee mmoja kawapa ekari 15 za bure ndani huko kutoka Nangurukuru, mna mchoro wa mabweni mawili yenye jumla ya vitanda 60, na mnataka kuhudumia waraibu wa unga (heroini) na gongo pamoja na wagonjwa wa akili wa Kilwa yote, kuanzia Somanga hadi Kivinje na Masoko. Umeuliza habari za usajili, uzio, idadi ya wahudumu na namna ya kuandika andiko la wafadhili. Mimi naanza na ardhi, maana hiyo mkiikosea hayo mengine hayatawasaidia kitu.

Ardhi ya bure ndiyo iliyotumaliza sisi huku Tanga. Kamati yetu ilikuwa ya watu wa msikitini, watu wa kanisani na wazazi ambao watoto wao walishazama kwenye unga. Tukapewa shamba zuri la minazi, mbali na mji. Akaja mshauri, analipwa vizuri, akatuambia mgonjwa anahitaji mazingira tulivu mbali na vishawishi. Maneno matamu hayo! Mzazi ambaye mwanawe kamuuzia hadi masufuria anatamani kusikia hivyohivyo: mchukueni, mpelekeni mbali, mnirudishie akiwa mzima. Yule bwana aliijua hamu yetu akatuuzia. Hakuuliza hata mara moja mgonjwa atafikaje, wala akitoka atakuwa mikononi mwa nani. Alishapanga bustani ya maua itakaa wapi kabla hajajua choo cha wanawake kitakaa wapi. Alitaka majengo, kwa sababu majengo hupigwa picha na kuwekewa jiwe la msingi, na malipo yake yalitoka kwenye ujenzi.

Majengo yakasimama. Sasa sikia yaliyofuata.

Mama mmoja muuza vitumbua alimleta kijana wake ambaye ugonjwa ulikuwa umempanda. Walikuja kwa bodaboda: dereva mbele, kijana katikati kafungwa mikono kwa kanga, kaka yake nyuma kamkumbatia kiunoni asiruke. Tukamtuliza, akapata nafuu, akarudi nyumbani na tarehe ya sindano ya mwezi. Tarehe ikafika, hakuonekana. Nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa inakula mtaji mzima wa mama. Kwenye daftari akaandikwa mtoro wa dawa. Mtoro gani, wakati hela ya kufika hana? Kijana akachafukwa tena, akafungwa tena kanga, na safari hii mama hakutuletea sisi, alimpeleka kwa mganga wa kienyeji aliye jirani. Namwelewa kabisa.

Akaja mzee wa gongo. Hapa naomba uwe makini, kwa sababu kwenye mchoro wako umeweka waraibu wote bweni moja na mlinzi mmoja wa usiku. Arosto ya unga, yaani mateso ya mwili anapoukosa, inatesa, mtu anatapika, anaharisha, mifupa inamuuma hadi analia, lakini yenyewe ni nadra kuua. Anayekunywa pombe kali kila siku akikatishwa ghafla anaweza kufa. Ndani ya siku mbili za mwanzo mwili hutetemeka na degedege linaweza kumshika, na baadaye anaweza kuweweseka, anaona vitu ambavyo havipo. Dawa yake inajulikana, ni diazepamu kwa kipimo cha kitabibu pamoja na vitamini B1, na mtu wa kumwangalia usiku kucha. Mzee wetu alishikwa na degedege usiku wa pili. Diazepamu ilikuwepo, imefungiwa kabatini, na ufunguo alikuwa nao msimamizi aliyekuwa anaishi mjini kwa sababu hakuna mtumishi aliyekubali kuhamia shambani na watoto wa shule. Mvua inanyesha, gari limekwama kwenye tope. Alifika hospitali akiwa hai, Alhamdulillahi, lakini ndugu zake hawakumrudisha kwetu tena.

Na haya yote siyo yaliyotugharimu zaidi. Lililotugharimu zaidi ni vijana waliopona.

Kijana wa unga akikaa miezi bila kutumia, mwili wake unasahau. Ule uzoefu wa kuhimili kipimo kikubwa unakwisha. Wewe unamwona amenenepa, anaswali, anacheka, unampiga picha ya mahafali. Anarudi mtaani kwao, maskani ileile na marafiki walewale, hana kazi, hana kituo cha kwenda asubuhi. Siku akiteleza anapima kama alivyokuwa anapima zamani, na kipimo kile sasa kinamzimisha pumzi. Ndiyo maana siku na wiki za mwanzo baada ya kutoka soba hausi (nyumba ya kuachishia ulevi) au gerezani ni za hatari kuliko alipokuwa anatumia kila siku. Huyo mshauri wa mazingira tulivu alitakiwa kulijua hili, ni jambo linalofahamika duniani kote. Hakulisema. Tumezika watoto wenye vyeti vyetu ukutani kwao, mkuu. Nyumbani kwa mmoja wao cheti kilikuwa bado kimening'inia juu ya kochi siku ya matanga, na mimi nimekaa chini yake.

Kwa hiyo nakwambia jambo moja, na nitalirudia hata mkinichoka: anzeni na huduma ya kila siku mahali ambapo mgonjwa anafika kwa miguu au kwa nauli ya kawaida. Kitanda kije mwisho.

Tazama methadoni ilivyo, dawa ya kunywa anayopewa mtumiaji badala ya unga. Muhimbili walipoanza mwaka 2011 waliiweka ndani ya hospitali, katikati ya jiji, kisha ikafuata Mwananyamala na Temeke, hukohuko waliko mateja. Sababu ni kwamba dawa ile inanywewa kila siku, Jumapili na Idi zikiwemo. Mtu anafika dirishani, anataja namba yake, muuguzi anampimia kwenye kikombe kidogo, anakunywa mbele yake, anashushia maji na kusema neno ili ionekane amemeza. Dakika chache, basi, anaenda kutafuta riziki yake. Akikosa siku kadhaa mfululizo hapewi tena kipimo kilekile, lazima kipunguzwe kwa usalama wake. Sasa niambie mvuvi wa Kivinje ataifikiaje hiyo kila asubuhi ndani ya pori la Nangurukuru, masika, kwa bodaboda. Na msifikiri methadoni mtainunua nyinyi, hutolewa kwenye vituo vya serikali. Bila kuwa bega kwa bega na hospitali ya wilaya hamna huduma hiyo.

Kwa wagonjwa wa akili ni hivyohivyo. Mwaka 1954 Daktari Thomas Adeoye Lambo kule Aro, Abeokuta nchini Nigeria, hakuwakusanya wagonjwa wote kwenye mabweni. Aliwapangishia vyumba kwenye vijiji vya jirani na hospitali, kila mmoja na ndugu yake wa kumpikia, mchana wanakuja kutibiwa, jioni wanarudi kijijini. Zimbabwe, Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 pale Mbare, Harare, na kina bibi waliofundishwa kuongea na wenye sonona kwenye benchi nje ya zahanati. Benchi! Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha wagonjwa wale walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Hakuna aliyeanza na uzio.

Sisemi shamba halina kazi. Muhimbili wana kijiji cha Vikuruti pembezoni mwa Dar, wagonjwa waliokwisha kutulia wanakwenda kujifunza kazi na kuzoea maisha tena. Lakini nyuma ya Vikuruti kuna hospitali nzima. Nyinyi nyuma yenu kuna nini?

Kuhusu wahudumu, msitangaze nafasi za daktari bingwa, hamtampata na akija hatakaa. Tafuteni muuguzi aliyesomea afya ya akili na tabibu mmoja, wapewe mafunzo ya mwongozo wa afya ya akili wa WHO (Shirika la Afya Duniani) uitwao mhGAP, ule uliotoka mwaka 2010 kwa ajili ya watumishi wasio mabingwa. Ongezeni afisa ustawi na vijana wawili watatu waliowahi kutumia na wakaacha, walipwe mshahara, si posho ya soda. Hao ndio watakaoingia maskani ambako wewe hutakaribishwa. Mmoja wao awe mwanamke, maana wanawake wanaotumia hawaji mahali palipojaa wanaume, na hata takwimu zenu zitaonyesha kana kwamba hawapo.

Kuhusu hela, mfadhili anajenga, hanunui mchele. Watu 60 wanakula kutwa mara tatu, mwaka mzima, pamoja na kuni na maji. Chumba kimoja cha kupakwa rangi hospitalini, benchi nje na nauli ya hao vijana mnaweza kuvibeba hata mfadhili akiondoka.

Umesema kikao cha kusaini ni Jumamosi. Kabla ya hapo nenda hospitali ya wilaya, Kinyonga, asubuhi, muone anayehusika na kliniki ya afya ya akili, muombe akuonyeshe daftari la walioacha kuja na wanatoka vijiji gani. Halafu muulize kama kuna chumba kinachoweza kutolewa, hata kama ni siku mbili kwa wiki kwa kuanzia. Yule mzee mshukuruni kwa heshima zote, mumwambie ekari zake azilime ufuta msimu huu, na mtakapokuwa na wagonjwa waliotulia wanaotafuta kazi ya mikono mtarudi kwake kuongea.