Buti za kinga zilipomchubua farasi wangu

Nilikuwa napapasa mguu wa farasi wangu baada ya mazoezi, akauvuta ghafla. Si tabia yake. Nilipoinama nikaona juu kidogo ya kifundo manyoya yamenyonyoka, ngozi nyekundu, na vipele vimejipanga mstari mmoja. Nikatazama mguu wa pili: mstari uleule, mahali palepale, ukifuata ukingo wa buti ya kinga ninayomfunga mguuni wakati wa mazoezi.

Siku kadhaa nilikuwa nimelaumu tope. Lakini muwasho wa tope mara nyingi huanzia chini zaidi, kati ya kifundo na kwato, na huacha vigaga vilivyogandamana na manyoya. Kwa hiyo kabla hujapaka dawa yoyote, ione buti mguuni kwa macho ya akili: je, umbo la kidonda linalingana nayo?

Kuanzia goti kwenda chini farasi hana nyama. Ngozi imelalia mfupa na kano moja kwa moja. Ukiifunika kwa neopreni, yaani mpira laini kama sponji unaotengenezewa buti hizi, joto na jasho havina pa kutokea. Ngozi inalainika, na chembe chache za mchanga zikiingia ndani zinageuka msasa kila anapopiga hatua. Kwangu kulikuwa na kosa jingine. Nilichukua buti niliyoamini ni safi, nikaikamua ndani ya ndoo ya maji, likatoka povu. Sabuni ya unga niliyofulia ilikuwa bado imo ndani. Niliumia sana kuliona povu lile, kwa sababu mnyama alikuwa akiivaa karibu kila siku.

Buti nikaziweka kando mpaka ngozi ipone kabisa. Daktari wa mifugo alinielekeza nioshe kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, iliyozimuliwa, niiache dakika chache, niisuuze, kisha nikaushe kwa kubonyeza taulo bila kusugua. Vigaga vikavu usivibandue kwa nguvu. Anaumia, na unafungua kidonda upya. Wala usipake mafuta mazito juu ya ngozi yenye unyevu, kwani unaufungia humo humo.

Sasa mguu lazima uwe safi na mkavu kwanza. Naiweka buti juu kidogo, naishusha mahali pake ili manyoya yalale, nafunga mikanda kidole kikiweza kupita. Mazoezi yakiisha navua papo hapo, sisubiri nimalize kazi nyingine. Na siazimi buti wala siazimishi, maana choa huhama kwa vifaa.

Kama unafanya yote haya na mstari unarudi, huenda ngozi yake inaikataa malighafi yenyewe. Jaribu buti yenye bitana tofauti. Lakini mguu ukivimba, ukiwa wa moto, ukitoa usaha au akianza kuchechemea, mwite daktari siku hiyohiyo. Maambukizi ya ngozi ya mguu yanaweza kupanda juu upesi.