Neema, kabla hujaandika barua ya kuacha kazi

Neema mwanangu,

Salamu nyingi kutoka Morogoro. Sisi hatujambo, goti la baba yako limetulia na mchicha wa uani umekubali. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, nikaona jibu lake halitoshi kwa kuongea juu juu, ndiyo maana nimekaa kuandika. Umeniuliza mambo mawili. Kwanza, kwa kuwa nilishinda siku nzima na mama yako mdogo Halima kwenye ile shule ya kimataifa anayofundisha Dar es Salaam, je, kule watoto wanasoma kweli au wanachezeshwa tu kwa ada kubwa? Pili, je, wewe uache ajira ya serikali huko Tabora ukafundishe Kiswahili kule, maana umechoka na unataka kupumua?

La kwanza ni rahisi. Wanasoma. La pili ndilo lililonikalisha mezani.

Nililala kwa Halima, na saa kumi na moja na nusu alfajiri tukawa barabarani, kwa sababu ukichelewa nusu saa Dar foleni inakumaliza. Getini mlinzi alichukua kitambulisho changu cha NIDA, akanivalisha kadi ya mgeni, kisha akanipa karatasi nisaini: sitapiga picha ya mtoto yeyote, sitabaki chumbani peke yangu na mtoto, sitampa mtoto namba yangu ya simu. Mimi bibi mzima, mwalimu mstaafu! Nilisaini. Halafu mchana nikaona Halima akizungumza na mwanafunzi mmoja mmoja, kila mara mlango wazi, na mlango wenyewe una kioo katikati. Hakuna aliyemshuku Halima. Ndivyo kila mtu anavyofanya pale, kuanzia mkuu wa shule hadi mpishi. Nilitamani tungekuwa na utaratibu huo miaka yote niliyofundisha, na wewe unajua kwa nini nasema hivyo.

Kipindi cha kwanza kilikuwa cha watoto wa miaka kumi na moja na kumi na mbili, wale wanaoanza Kiswahili. Walikuwa kumi na wanne. Halima alikuwa amepitia gengeni jana yake jioni: nyanya, vitunguu, ndimu, mafungu ya mchicha. Akatandika kanga juu ya meza, nyingine akajifunga kiunoni, darasa likawa soko na yeye akawa mama wa genge. Mtoto mmoja wa Kikorea akauliza, "Mama, vitunguu ngapi kwa elfu moja?" Mwenzake Mholanzi akamrukia: "Vingapi!"

Hapo mimi na wewe tungesema "vizuri sana" tukaendelea. Halima hakusema neno. Aliandika ubaoni: Vitunguu vingapi? Nyanya vingapi? Ndimu ngapi? Akawauliza ni swali gani litamfanya muuzaji acheke. Basi, ugomvi! Dakika kumi nzima wanabishana, nusu kwa Kiingereza, nusu kwa Kiswahili cha kuokoteza, na mimi ulimi unaniwasha niwape jibu. Mwishoni binti mmoja akainuka akaenda ukutani, ambako maneno ya wiki zilizopita yamebandikwa, akaonyesha viti, vitabu, vikombe, akasema hivi ni ndugu na vitunguu, lakini nyanya ni mtu wa nyumba nyingine. Hakuna aliyetamka neno ngeli. Halima alifuta "vingapi" ya nyanya na biashara ikaendelea.

Kilichoniuma ni kwamba miongoni mwa wale wanaoanza walikuwemo Watanzania wawili, majina yao ya hapahapa kabisa. Nyumbani wanaongea Kiingereza tangu wakiwa wachanga, na wazazi wao wanaona fahari. Yule Mholanzi, ambaye dereva wa baba yake humfundisha njiani, alisema, "Punguza basi mama, mimi mteja wako." Wale wetu wawili walinyoosha vidole tu kwenye nyanya. Halima anasema idadi yao inaongezeka kila mwaka. Shule hizi zilianza kwa ajili ya watoto wa wageni: ile ya Geneva mwaka 1924, kwa watoto wa watumishi wa Shirikisho la Mataifa na wa Shirika la Kazi Duniani, na ya kwetu Moshi mwaka 1969, kwa ajili ya watoto wa madaktari wa KCMC, ile hospitali kubwa ya Moshi. Siku hizi wenyeji wenye uwezo wamejaa humo. Kwa hiyo ukienda, usidhani utafundisha Wazungu tu. Sehemu ya kazi yako itakuwa kumrudishia mtoto wa Kitanzania lugha ya bibi yake, tena mzazi wake akiwa hana haraka nayo.

Unisikilize vizuri hapa. Halima si mwalimu bora kuliko wewe. Nilimwambia kuwa mwanangu ana wanafunzi themanini na kitu kwenye mkondo mmoja, akacheka akasema, "Nipe themanini uone kama nitatandika kanga." Kumi na wanne ndio waliompa zile dakika kumi za kubishana. Ila naye anajua jambo moja la kila mtoto wake: nini hajakishika. Ana daftari, kila jina lina ukurasa wake, na kila siku anaandika mstari mmoja au miwili.

Sasa kuhusu kupumua. Saa nne tulikunywa chai chumba cha walimu, na chai yenyewe ilipoa. Halima alikuwa anajaza mpango wa mada ya wiki sita: swali kuu ni lipi, mtoto ataonyeshaje kwamba ameelewa, aliyeko nyuma atasaidiwa vipi, aliyeko mbele atapewa nini asichoke. Mpango huo husomwa na mwalimu mwingine, anaandika maoni pembeni, unarudi, unarekebishwa. Ripoti za mwisho wa muhula ni aya nzima kwa kila mtoto. Ile sentensi yetu ya "anaweza, aongeze bidii" haipiti, utarudishiwa ueleze anaweza nini na bidii hiyo aiongeze wapi. Halafu barua pepe za wazazi. Mmoja alikuwa ameandika saa tano usiku akitaka kujua kwa nini mwanawe kapata alama 5 badala ya 6. Halima alimjibu kwa utulivu, akiambatisha kazi ya mtoto na vigezo vya kusahihishia. Kiingereza cha barua hizo lazima kiwe kimenyooka, nalo ulijue mapema.

Mchana tulikuwa na wakubwa, wale wa mpango wa IB (International Baccalaureate), mfumo wa masomo na mitihani ya kimataifa ulioanzishwa Geneva mwaka 1968. Ni kama Kidato cha Tano na Sita chetu, isipokuwa mwanafunzi hachukui tahasusi ya masomo matatu. Anachukua sita, lugha mbili zikiwemo, na kila somo lina alama 1 hadi 7. Juu ya hapo anaandika insha ndefu ya utafiti isiyozidi maneno 4,000, ana somo la kujiuliza tunajuaje tunachokijua, na ana shughuli za kujitolea. Insha na somo hilo vinaweza kumwongezea alama tatu, ndiyo maana wanasema 45 ndio ukomo. Kiswahili kinaingia kwa milango zaidi ya mmoja: kipo cha wasiokijua kabisa, na kipo cha fasihi kwa wenye lugha yao.

Binti mmoja wa miaka kumi na saba alikuwa akifanya zoezi la mtihani wa mazungumzo. Anapewa picha, anakaa dakika kumi na tano akijiandaa, kisha anaongea na mwalimu huku sauti ikirekodiwa. Picha yake ilikuwa ya kituo cha daladala wakati wa mvua. Akaieleza, akakwama kwenye "mwavuli", akauzunguka kwa kusema "kile kitu cha kuzuia mvua", akaendelea mbele. Halima hakumsaidia, maana siku ya mtihani wenyewe haruhusiwi, na baadhi ya rekodi hupelekwa nje kukaguliwa kama mwalimu anatoa alama kwa haki. Nikawaza wanafunzi wako. Kiswahili ni chao tangu tumboni, lakini mtihani wa taifa ni wa kuandika, kwa hiyo anayejua kujieleza kwa mdomo hapati faida yoyote. Si kosa lako wala lao.

Fimbo haipo, na hilo najua utaliuliza. Wewe na mimi tunaujua waraka: tangu 2002 viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au aliyemteua kwa maandishi. Kule hata kumshika mtoto sikio ni kufukuzwa kazi. Kijana mmoja alimrushia mwenzake kifutio, Halima akasogea akasimama karibu na meza yake akiendelea kufundisha. Kipindi kilipoisha kijana alibaki wakaongea, mlango wazi. Basi. Inachukua muda mwingi kuliko fimbo, na muda huo unatoka kwenye mapumziko ya mwalimu.

Fedha. Mshahara ni mzuri kuliko wa serikali, hilo usiwe na shaka. Lakini kuna mikataba ya aina mbili. Aliyeletwa kutoka nje hupewa nyumba na tiketi za ndege, na mshahara wake ni mwingine kabisa. Aliyeajiriwa hapa hapa, ambaye ndiye Halima, ndiye utakayekuwa wewe, anafundisha vipindi vilevile mlango wa pili na hapati hivyo. Halima aliniambia bila uchungu, lakini aliniambia mara mbili. Mkataba wake ni wa miaka miwili miwili. Mwaka 2020, corona ilipoingia na familia nyingi za wageni zikarudi kwao, wenzake kadhaa hawakuongezewa. Serikalini hakuna anayekutoa namna hiyo. Pia mfuko wa pensheni unabadilika: PSSSF, wa watumishi wa serikali, mwajiri anachangia 15% na wewe 5%, ukienda NSSF, wa sekta binafsi, mara nyingi ni 10 kwa 10, kwa hiyo makato yako yatakuwa makubwa kuliko ulivyozoea. Piga hesabu ya kinachobaki mkononi, usiangalie ile namba ya juu.

Maoni yangu ni haya. Kama unaenda ili upumzike, baki Tabora uombe likizo yako, maana kule hakuna pumziko. Kama unaenda kwa sababu unataka kuona unaweza kufundisha Kiswahili namna gani ukipewa nafasi, nenda, na mimi nitakuunga mkono hata baba yako akinuna. Atanuna, anaamini ajira ya serikali ni ya kuzikwa nayo. Ila usiende mwaka huu kama bado una Kidato cha Nne wa kuwafikisha Novemba. Na lile zoezi la maswali matatu ubaoni huhitaji kuhama ili ulifanye. Wagawe kumi kumi, waache wabishane, utaniambia.

Anza kutafuta cheti cha polisi cha kuonyesha huna rekodi ya jinai, kila shule ya aina hii itakidai. Halima amesema umpigie Jumamosi baada ya saa kumi jioni. Umpigie, usimtumie maandishi, wiki nzima anasoma maandishi. Muulize mafunzo ya IB yanalipiwa na nani, bima ya afya inawagusa watoto au wewe peke yako, na notisi ya kuvunja mkataba ni ya miezi mingapi kwa kila upande. Barua ya kuacha kazi isubiri mpaka mkataba uwe na sahihi zote mbili.

Baba yako anakusalimu. Anasema ukija Pasaka usimsahau na asali ya Tabora, ile nyeusi, si ile uliyoleta mara ya mwisho.

Mama yako