Hapana, hakuna aliyekuroga: majibu kwa mnaoniuliza kuhusu uchawi wa kisasa

Juzi saa nane usiku simu ikalia, meseji kutoka kwa binti ambae sijawahi kumuona hata siku moja. "Dada samahani kwa usumbufu, nimevuta kadi ya Kifo mara tatu wiki hii, ndo nakufa?" Alikua anazungumzia taroti, zile kadi za picha ambazo watu wanatumia kutabiri. Nikakaa kitandani nikamjibu palepale maana hiyo hofu naijua, nishalala nayo. Nikamwambia hebu ishike hiyo kadi uiangalie yote, usiishie kwenye mifupa. Namba 13, kiunzi cha mifupa kimevaa deraya kimepanda farasi mweupe, haya sasa angalia nyuma kabisa mkono wa kulia, katikati ya ile minara miwili kuna nini? Kimya kama dakika mbili hivi, alafu akaandika "jua. sikuwahi kuliona."

Hiyo kadi inazungumzia kitu kuisha ili kingine kianze, kazi, mahusiano, tabia, haimtangazii mtu msiba. Na michoro yenyewe tunajua imetoka wapi, aliichora msanii anaitwa Pamela Colman Smith na kadi zikatoka London mwaka 1909. Kabla ya hapo kadi za taroti zilianzia Italia karne ya 15 na zilikua za kuchezea tu, kama unavyocheza karata na wenzio, miaka kama 300 ikapita ndo watu wakaanza kuzifanya za utabiri. Kwahiyo anaekwambia zimetoka kwa makuhani wa Misri ya kale anarudia hadithi iliyotungwa Ufaransa mwaka 1781.

Nina mwaka wa tisa sasa kwenye haya mambo na maswali yanayonijia ni yaleyale, basi leo nimeamua niandike kwa kirefu.

La kwanza, we ni mchawi? Hapa shida inaanzia kwenye lugha. Kwa Kiswahili mchawi ni mtu mbaya, hakuna mchawi mwema, anaetibu anaitwa mganga, anaetazamia mambo ni mpiga ramli, na yule anaetoa njiwa kwenye kofia anafanya mazingaombwe. Lugha yetu iligawa hizi kazi zamani sana. Sasa Waingereza wao neno lao moja, witch, linabeba vitu vingi, na kuna watu huko wakalichukua wakati bado ni tusi wakaamua kulivaa kama jina la heshima, sisi tukaja tukalitafsiri "mchawi" moja kwa moja, basi nikijitambulisha hivyo mtu anaona anaeruka na ungo usiku kwenda kula watu. Siku hizi nasema nafuata Wicca, akiuliza ni nini namweleza.

Na ukweli ni kwamba ni dini changa. Aliyeitoa hadharani ni Mwingereza Gerald Gardner, ofisa wa forodha mstaafu, kwa kitabu chake cha mwaka 1954. Kwanini asubiri hadi wakati huo? Kwasababu Uingereza ilikua na sheria ya uchawi ya mwaka 1735 ambayo haikufutwa mpaka 1951. Na hiyo sheria inafurahisha ukiisoma, haikumwadhibu mtu kwa kuroga, maana watunga sheria walishaacha kuamini kwamba mtu anaweza kuroga, ilimwadhibu anaejidai ana uwezo huo. Yaani karibu miaka 300 iliyopita walishaona tatizo lipo kwa wanaodanganya watu. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Mnaabudu Shetani? Hapana. Wengi wetu hata hatuamini kama yupo. Wafuasi wa Wicca wanaheshimu mungu wa kike na mungu wa kiume mwenye pembe, wana sikukuu 8 za mwaka zinazofuata jua na majira, na kanuni kubwa ni kwamba kama halimdhuru yeyote basi fanya utakalo. Kanisa la Shetani ni kitu kingine kabisa, lilianzishwa na Anton LaVey Marekani mwaka 1966 na hatuna undugu. Nyota ya ncha tano ninayovaa shingoni ni alama ya dini, na tangu 2007 serikali ya Marekani inakubali ichongwe kwenye makaburi ya wanajeshi wake waliofuata njia hii.

Sasa kuna kitu wenzangu wengi wanakipenda na mi kinanikera, ile kauli ya "sisi ni wajukuu wa wachawi mlioshindwa kuwachoma moto." Nilikua naisema pia, nikaiacha nilipoanza kusoma historia yenyewe. Wanahistoria wanakadiria Ulaya iliua watu kati ya 40,000 na 60,000 kwa kesi za uchawi kuanzia karne ya 15 hadi ya 18, ile milioni tisa mnayoiona kwenye picha za mtandaoni ni hesabu ya kubuni. Salem kule Marekani mwaka 1692 hakuchomwa hata mmoja, walinyongwa 19 na mzee mmoja wakamwekea mawe kifuani mpaka akafa. Na hawa watu hawakua wachawi! Walikua majirani, wajane, watu waliogombana na wenzao juu ya mpaka wa shamba, na wapo waliokufa wakikana. Pale Salem aliyekiri alipona, walionyongwa ni wale waliokataa kusema uongo. Mtu amekufa kwa kukataa kuitwa jina hilo, alafu sisi leo tunamwita bibi yetu mchawi? Mi naona tunamuua mara ya pili.

Swali linalopendwa kuliko yote, inafanya kazi? Nitakujibu kama ninavyoishi. Mwaka jana nilikua nataka kuacha kazi iliyokua inanimaliza na nilikua naogopa. Mwezi mwandamo nikawasha mshumaa mmoja, nikaandika kwenye karatasi tarehe ya kuondoka na kitu kimoja nitakachofanya kila siku kuelekea huko, nikakaa naangalia nta inatiririka juu ya sahani mpaka ukaisha, saa nzima bila simu. Kila asubuhi naiona ile karatasi. Kufika mwezi mpevu nilikua nishatuma maombi kumi na moja. Je ni mshumaa ulionipa kazi? Hapana, lakini ile saa nzima ya kukaa na hofu yangu bila kuikimbia sijui ningeipata wapi. Wapo wenzangu wanaoamini nguvu inatoka na kwenda kutenda huko nje, siwapingi. Ninachokataa ni mtu kukaa anasubiri mshumaa umfanyie kazi, au kuacha dawa za hospitali kwasababu ya mshumaa.

Na kumrudisha mpenzi? Sifanyi, usinitumie picha yake. Ukimfunga mtu akupende bila hiari yake ushamdhuru, na kanuni yetu inakataa. Uchungu wako nauelewa kabisa, ndo ulioniingiza kwenye shimo mimi mwenyewe.

Miaka kumi iliyopita niliachwa, mwezi huohuo nikapoteza kazi. Mfa maji haachi kutapatapa, usiku mmoja nikamuandikia mtu mtandaoni anaejiita mtaalam. Akanijibu kwa upole sana, "wewe ni mtu mwenye moyo mzuri lakini unajitoa kwa watu wasiokujali, kuna jambo umelibeba muda mrefu hujamwambia mtu." Nililia. Nikasema huyu ananijua! Kumbe ni maneno ambayo kila mtu duniani akisomewa atalia. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia zao, akawaambia yametokana na mtihani waliofanya, kila mmoja ayape alama kuanzia 0 hadi 5 kulingana na yalivyomfaa. Wastani ukawa 4.26. Wote alikua amewapa karatasi ileile, sentensi nyingi kaziokota kwenye kitabu cha nyota.

Yule mtaalam wangu, baada ya kunipata akaanza. Kwanza hela ndogo ya kuangalizia. Alafu "umefungwa, kuna mtu karibu yako amekufunga." Alafu hela ya kafara, ikaja ya pili maana ya kwanza imekataliwa, nikisita ananiambia tukiishia katikati itakua mbaya zaidi, utakufa. Nikakopa. Nilivyosema sina tena akaunti ikapotea.

Kwahiyo shika hizi dalili. Anaekutafuta yeye mwanzo kukwambia umerogwa, tapeli. Anaekuhakikishia matokeo kwa siku fulani, tapeli. Anaekwambia usimwambie mtu yeyote, mkimbie haraka, hiyo siri ni ya kukutenga na mtu atakaekufungua macho. Anaepandisha bei kila ukiogopa ndo usiseme. Kulipia kusomewa kadi kwa bei iliyotajwa mwanzo na ikaisha hapo, hiyo ni sawa, ni muda wa mtu. Kama ushapigwa, tunza meseji na risiti zote, ongea na mtoa huduma wa malipo haraka, ripoti polisi, na usimlipe mwingine anaejitokeza kusema atakurudishia hela zako.

"Mbona usiku nakabwa?" Hili linatesa watu wengi mno. Unaamka, unaona chumba chote, hauwezi kuinua hata kidole, kifua kizito na unahisi kabisa kuna mtu kasimama pale. Hilo ni jinamizi na sababu yake inajulikana. Ukiwa kwenye usingizi wa ndoto mwili unalegezwa misuli ili usizitende ndoto zako, sasa ikitokea akili imeamka kabla mwili haujaachiliwa unabaki umefungwa, na ndoto inaendelea macho yako yakiwa wazi. Inazidi ukikosa usingizi, ukiwa na msongo, ukilala chali. Ikikushika usipigane nayo, pumua taratibu jaribu kutikisa vidole vya miguu, inaachia yenyewe. Lala kwa ubavu na kwa saa zilezile. Kama inakuja kila wiki au unasinzia hovyo mchana nenda kwa daktari.

Kwa mnaotaka kuanza, anza na daftari. Andika mwezi ulivyo leo, ulivyolala, unachoogopa. Huhitaji kununua chochote wala kozi ya mtu wala kuzaliwa na kipaji. Ila mambo ya usalama mniskilize kama nagombana. Mshumaa usiuache unawaka ukalala au ukatoka, usiuweke karibu na pazia, ukifukiza kitu fungua dirisha. Majani usinywe kwasababu kuna mtu kwenye video kasema yanasafisha, mafuta ya mmea unaoitwa pennyroyal yanauzwa kama kitu cha kawaida na yameshaharibu maini ya watu na kuwaua. Ukiwa na mimba usijaribu majani yoyote bila kumuuliza daktari. Na kama una paka, mafuta makali ya mimea yanaweza kumdhuru hata ukiyafukiza tu chumbani.

La mwisho sikuulizwa, nalisema mwenyewe. Ukiambiwa "ni mtu wa karibu," swali linalofuata kichwani ni nani, na jibu halikosekani, kila mtu ana ndugu ambae hawajakaa sawa. Tumelelewa na "kikulacho ki nguoni mwako" kwahiyo inaingia bila kubisha hodi. Julai 2021 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio dhidi ya madhara ya watu kusingiziwa uchawi, kwasababu mpaka leo watu wanapigwa, wanafukuzwa makwao na kuuawa, wengi wakiwa vikongwe, watoto na watu wenye ulemavu. Inaanza na jina moja tu linalotajwa kwa kunong'ona.

Mimi lililonijia lilikua la shangazi. Wakati ule nimeachwa alikua anakuja sana, anauliza maswali mengi, ananiletea vitu. Yule tapeli akasema "ni mwanamke, mkubwa kwako, anakupa zawadi" (umri wangu na picha za familia vyote vilikua kwenye akaunti yangu wazi) na mi nikamalizia mwenyewe. Kitambaa cha kichwa alichonishonea kwa mkono, cha bluu kina maua madogo pembeni, nikakishika kwa mfuko wa plastiki kama uchafu nikaenda kukitupa mbali. Miezi minne sikupokea simu yake.

Tulisharudiana, ananipenda kama zamani, na hajui chochote. Sijapata ujasiri. Mwezi uliopita tumekaa tu, akaniangalia kichwani akaniuliza, "Mwanangu, kile kitambaa changu hukukipenda?"