Jibu: Mdogo wangu anataka kazi ya ulinzi wa gereza

Yaya, umeuliza kama mdogo wako, akiingia kazi hiyo hapa Lubumbashi, ataweza kumsaidia mfungwa abadilike ao atabeba funguo tu. Ataweza. Mimi nimeifanya miaka 11.

Aanze na majina. Mtu aliyezoea kuitwa "wewe mwizi", siku ukimwita kwa jina lake anainua uso. Asome pia Ordonansi 344 ya mwaka 1965, amri ya serikali iliyoongoza magereza yetu miaka mingi, na Kanuni za Mandela, za namna ya kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015. Kanuni hizo zinataka mfungwa atoke akiweza kuishi bila kurudia kosa.

Lakini wengi atakaowakuta ni mahabusu, hawajahukumiwa bado. Hao asiwahubirie toba! Awafuatilie faili. Nilikuwa na daftari la tarehe za kuingia, kila Jumatatu naenda nalo kwa karani. Kijana mmoja alikuwa amesahauliwa miezi 8 kwa kesi ya simu, akatoka. Mwingine, fundi cherehani, alifundisha wenzake kushona kwa mkono kwa sababu mashine hatukuwa nayo.

Mshahara unachelewa, umwambie mapema. Na chakula kikikosa, hakuna somo litakaloingia. Siku hizo nilikaa nao tu, tukazungumza habari za watoto wao.